Sufuria Ina Blanketi, Bibi Hana

Mpendwa Mshauri,

Sijawahi kuandikia gazeti, na hata darasani sinyooshi mkono, nikijua jibu huliandika pembeni ya daftari na kungoja mwingine alitaje, kwa hiyo ukiona nimeanza vibaya unisamehe, lakini nisaidie, kwa sababu nina hasira na sijui pa kuiweka, na ninayemkasirikia ni baba yangu mzazi, ambaye halewi, hapigi mtu, hachelewi kurudi nyumbani, na mtaa mzima unamtolea mfano.

Mimi ni msichana wa sekondari. Tunaishi vyumba viwili vya kupanga, Baba na Mama chumba kimoja, na chumba cha pili mimi, mdogo wangu wa kiume, na Bibi, ambaye ndiye aliyemzaa Baba. Mama ni msusi, anasukia wateja barazani. Baba ni mtunza stoo katika kiwanda cha rangi. Kazini kwake fundi akitaka brashi mpya lazima kwanza arudishe ile iliyokwisha, Baba aigeuzegeuze, atazame nywele zilizobaki, ndipo afungue kabati. Utaratibu huo ameuleta nyumbani na anauita "mabaki kwanza." Tyubu ya dawa ya meno ikiisha tunaipasua kwa mkasi, tunaikwangua, tunampelekea, anaichungulia kama daktari anayechungulia sikio, ndipo anatoa nyingine. Vipande vya sabuni tunavibandika pamoja vikiwa vibichi mpaka viwe mche wa rangi tatu. Maji ya kufulia yanadekia sakafu, na yakishadeki yanakwenda chooni. Taa haiwaki chumba kisicho na mtu, na mtu aliyefumba macho kwa Baba si mtu.

Mshauri, nataka uelewe kwamba mimi sikuwa nalalamika. Nilikuwa najivunia. Wenzangu shuleni walinicheka kwa begi langu lililoshonwa na uzi wa kusukia nywele, nami nikawa nasema moyoni, chekeni tu, sisi tunajenga. Kwa sababu ni kweli tunajenga. Baba ana kiwanja, na kwenye kiwanja kuna msingi, na Jumapili nyingine anatupeleka wote kuuona, tunatembea kwa miguu kwenda na kurudi kwa sababu nauli nayo ni tofali. Tukifika anatuonyesha vyumba. "Hapa jiko. Hapa watoto. Hapa Bibi yenu, karibu na mlango ili asihangaike." Bibi alisimama katikati ya chumba chake kisicho na ukuta hata mmoja, majani yamemfika magotini, akageuka huku na huku, akasema, "Chumba kizuri, mwanangu. Kina hewa." Tulicheka wote, na Baba alicheka zaidi ya sisi.

Sasa nifike kwenye kapu.

Mpishi wa kantini ya kiwandani alimfundisha Baba kwamba maharage hayahitaji kukaa jikoni mpaka yaive. Unayachemsha sawasawa kwa muda mfupi, unafunika sufuria, unaitumbukiza moto hivyohivyo kwenye kapu kubwa lililotandikwa kitu kizito, unaifunikiza vizuri juu, halafu unaondoka zako. Joto linabaki ndani na maharage yanajiivia yenyewe bila mkaa. Tulijaribu na ikawa kweli. Mama alifungua akashika shavu. Gunia la mkaa likaanza kudumu. Tatizo lilikuwa kitu kizito cha kutandika, maana tulianza na mashuka makuukuu na joto likawa linavuja. Baba akasimama katikati ya chumba chetu akitazama kila kitu kwa macho yake ya stoo. Bibi alikuwa na mablanketi mawili, moja jepesi ambalo ukiliinua unaona dirisha, na moja zito la sufu alilonunuliwa na shangazi yangu, dada yake Baba, anayeishi mbali.

"Mama, hili mchana lina kazi gani?" Baba akauliza.

"Mchana linanitazama tu," Bibi akasema. "Chukua, mwanangu. Mchana mimi najifunika jua."

Hivyo ndivyo lilivyotoka kitandani. Alilitoa mwenyewe, kwa mkono wake, tena kwa utani, na jioni lilirudi kitandani. Hayo yalikuwa makubaliano. Lakini baadaye Baba akaona kwamba moto wa jioni unaweza kufanya kazi mbili, upike chakula cha usiku na uchemshe maharage ya kesho kwa mkaa uleule, kisha maharage yalale kwenye kapu na asubuhi yawe yameiva. Hesabu yake haikuwa na kosa. Ila blanketi nalo likawa linalala kwenye kapu. Hakuna siku mtu alisema Bibi asijifunike. Hakuna aliyeamua. Siku ya kwanza tulisema leo tu, na siku ya pili hatukusema kitu.

Bibi humwita mdogo wangu "mume wangu," kama mabibi wote wanavyotania wajukuu wa kiume, na mdogo wangu ana mdomo kuliko mimi. Jioni moja Mama alipokuwa anaifunika sufuria, mdogo wangu akamwambia Bibi, "Mke wangu, usikasirike, nimeoa mke wa pili. Mnene, mweusi, hanisemeshi. Na blanketi nimempa yeye."

"Kipya kinyemi!" Bibi akasema. "Angalia asikuunguze."

Tangu siku hiyo sufuria inaitwa Bi Mdogo. "Bi Mdogo ameshalala?" "Bi Mdogo ameamka?" Nami nilicheka, Mshauri. Kila mtu alicheka, ndiyo maana ilichukua muda mrefu kuona kwamba msimu wa baridi umeingia na Bibi amebaki na blanketi la kuonea dirisha.

Ameanza kukohoa. Kikohozi chenyewe hakina kelele, anakibana mdomoni na shuka ili tusiamke. Nilimfunika kwa shuka langu, nikaamka nikalikuta limerudi juu yangu, limechomekwa pembeni kama ninavyochomekewa tangu nikiwa mdogo. Nilimpa sweta langu la shule, akalikalia mpaka likanyooka, akanirudishia asubuhi likiwa limepigwa pasi ya makalio. "Huwezi kwenda kwa walimu umekunjamana," akasema. Ananiita Mwalimu kwa sababu ninamsomea. Sasa hivi tuko katikati ya hadithi ndefu na anakohoa mahali ambapo angecheka.

Wiki iliyopita niliamka kujiandaa kwenda shule nikamkuta Bibi amekaa kwenye kigoda kando ya kapu. Alikuwa ameinua ukingo wa blanketi akaingiza mikono yote miwili ndani, mpaka viwiko, ameikumbatia sufuria, amefumba macho. Uso wake ulikuwa umetulia namna ambayo sikuwa nimeiona kwa siku nyingi. Kabla sijasema chochote Baba akatoka chumbani akifunga mkanda, akamwona. Hakupaza sauti. Alisema kwa upole kabisa, kama anavyosema na kila mtu:

"Mama, ukiingiza mikono joto linatoka. Maharage hayataiva."

Bibi akaitoa mikono upesi, kama mtoto aliyekutwa kwenye sukari. Akasema, "Samahani, baba." Akalifunikiza blanketi vizuri, akalipigapiga kwa kiganja, akabaki ameikalia mikono yake.

Sikufanya kitu. Nilivaa viatu. Nilikwenda shule na siku hiyo, nakuapia, kipindi cha sayansi kilikuwa juu ya joto, na mwalimu akaandika ubaoni kwamba joto hutoka penye joto kwenda penye baridi, nami nikaandika, na kalamu ikatoboa karatasi. Nilikuwa nataka kupiga mtu. Sijawahi kutaka kupiga mtu. Mtu mzima amemwomba mwanawe msamaha kwa sababu ya maharage, na mwanawe akaupokea, akaondoka na chakula chake cha mchana kwenye kibakuli!

Nilimfuata Mama barazani. Alikuwa na mteja kati ya magoti na kitana mdomoni.

"Mama, Bibi anaumwa baridi."

"Naona. Nina macho."

"Sasa?"

"Sasa mwambie baba yako, wewe uliyesoma." Mteja akageuza shingo asikilize, Mama akamrudisha kichwa kwa mkono. "Mambo ya ndani hayo. Kalete mafuta."

Nilimwendea Bibi, na huko ndiko kulikonifunga kabisa. Shangazi anakuja kumwona shule zikifungwa. Kila akija swali lake la kwanza ni lilelile, "Mama, blanketi langu linakutunza?" Bibi alinishika mkono akasema, "Mwalimu, akiuliza nitasema linanitunza, na wewe utanyamaza. Shangazi yako akijua atanibeba siku hiyohiyo. Hao ndugu wawili hawatasemezana tena mpaka wakutane kwenye maziko yangu. Nyumba inayosemwa nje haijengeki. Niahidi." Nikaahidi. Baba alipoondoka kijijini alikuwa mtoto wa shule, Bibi ndiye aliyeuza alichokuwa nacho ili asome, na sasa ananyamaza ili ajenge. Sijui atanyamaza kwa ajili yake mpaka lini.

Sasa Mshauri, nichague nini? Nikinyamaza, kikohozi kinashuka kifuani. Nikisema, Bibi anachukuliwa, Baba na dada yake wanaachana, na nitakuwa mimi niliyevunja ahadi na nyumba. Nimefikiria kuuza kamusi yangu niliyopewa zawadi shuleni ili nimnunulie blanketi jingine, ingawa najua Baba ataliona na kuuliza la zamani limekwisha vipi, maana mabaki kwanza. Na juzi, nakiri, nilisimama mbele ya kapu nikiwa na kopo la maji baridi mkononi, nikitaka kumwagia ndani, Bi Mdogo, blanketi na vyote. Niliyanywa yale maji nikaenda kulala. Je, mtu anaweza kumchukia baba mwema? Maana mimi nadhani nimeanza.

Tafadhali usiandike jina langu. Baba huleta gazeti lenu kutoka ofisini likiwa la jana, kwa kuwa la jana ni la bure, na hulisoma lote mpaka matangazo ya zabuni, kwani anasema neno lililochapishwa lisiposomwa ni hasara. Najua kwamba akisoma habari za kapu atatutambua hata bila jina. Nimelifikiria hilo siku nzima. Barua naituma hivyohivyo.

Ni mimi,
Mjukuu mwenye hasira


MSHAURI ANAJIBU

Mjukuu mwenye hasira,

Hasira hiyo usiiombee msamaha, umeiweka mahali pake. Ningekuona umesikia "samahani, baba" ya yule mama bila damu kuchemka, ningekuambia ufunge vitabu, maana havijakufaa kitu.

Lakini kaa hapo nikukaripie kidogo kabla sijawageukia wakubwa. Wewe unajua kusema. Umeniandikia kurasa nzima bila kukwama, ukanifanya nicheke na Bi Mdogo na kisha nijichukie kwa kucheka. Halafu nyumbani unavaa viatu unaondoka! Usiniambie ni adabu. Adabu ni namna ya kusema na mkubwa, haijawahi kuwa sababu ya kumwacha mkubwa mwingine aumie. Na ule mpango wa kopo la maji nashukuru uliunywa. Ungemwagia blanketi la sufu maji wakati wa baridi, Bibi angelala na nini, na hasira yako? Kamusi nayo iache rafuni. Si kazi ya mtoto kuuza zawadi yake ili amfunike mama wa mtu mzima mwenye mshahara. Ukiuza leo kamusi, kesho utaambiwa viatu vyako navyo mchana havina kazi ukiwa umekaa darasani.

Na wewe msoma sayansi, mwalimu amekuandikia ubaoni ukatoboa karatasi, ila hukuisoma mpaka mwisho. Blanketi halina joto la kwake. Kinachoshika joto ni hewa iliyobanwa katikati ya nyuzi, basi. Hewa hiyo haijali imebanwa na nini. Mimi kapu kama hilo ninalo na nimepikia miaka mingi. Langu halijawahi kuona blanketi, limejaa karatasi. Nakueleza haya ili ujue kwamba kapu halina kosa hata kidogo, mpishi wa kantini ni mtu wa maana, na baba yako ana haki ya kujivunia mkaa wake. Tyubu ya dawa ya meno kapasueni, sabuni kabandikeni, huo ni uungwana, na wengi tunaomcheka, kama tungefanya hivyo, tungekuwa na misingi yetu leo. Kosa liko sehemu moja tu, na ni kubwa kuliko kapu.

Sasa, binti, sogea pembeni kidogo nizungumze na mtu mwingine.

Mtunza stoo, najua umefika hapa. Umesoma kila neno kwa kuwa ni hasara kuliacha, basi usiliache hili. Fundi akija kwako asubuhi akachukua ngazi kwa kazi ya mchana, jioni ikawa haijarudi, wewe hufungi stoo. Unamtafuta. Unamwita mbele ya wenzake. Je, si ndivyo? Kuna blanketi lilitolewa kwa matumizi ya mchana. Aliyelitoa alikuamini, kwa sababu amekuamini tangu unatambaa. Halijarudi mpaka leo. Aliyelichukua ni wewe, na unalitazama kila jioni likifunikwa juu ya maharage. Ningekuwa msimamizi wako ningekuita mbele ya wenzako.

Unasema unamjengea chumba karibu na mlango asihangaike. Vizuri sana. Atakiingia na kifua gani? Msingi unaweza kungoja mvua ngapi sijui, hata ukiota majani utafyeka. Mama yako haoti upya. Au na yeye umemweka kwenye utaratibu wa mabaki kwanza, aishe kabisa, akuletee kilichobaki, ndipo ufungue kabati? Nimekasirika, bwana, na sitaomba radhi. Umemwambia mama yako mzazi kwamba mikono yake inaharibu maharage. Ulisema kwa upole, binti yako ameshuhudia, na ndicho kilichomuuma zaidi, kwa kuwa mtu anayekemea huenda kakasirika tu, ila mpole ameshapima akaona ni sawa.

Na tena sikuiti mtu mbaya. Mtu mbaya haandikiwi barua ndefu namna hii na mwanawe. Amekuandika huku anakulilia. Ulianza kubana vitu, na mkono ukazoea kubana, ukafika kwa mtu usijue kwamba umefika. Sasa umejua. Kuanzia sasa ukiendelea itakuwa umechagua.

Mama msusi, na wewe nina neno lako. "Mambo ya ndani" ni neno zuri la kumfunga mdomo mteja mmbeya. Kumfungia binti yako si zuri. Umeona kwa macho, umesema mwenyewe. Mume wako anakusikiliza, maana lile kapu lisingedumu hata siku moja kama wewe mpikaji ungelikataa. Jioni hii usimtume mtoto. Simama naye.

Haya, binti, rudi, tumalize, maana shule zinakaribia kufungwa.

Ahadi uliyompa Bibi ina mipaka. Ulimwahidi kunyamaza mbele ya shangazi, hukumwahidi kunyamaza mbele ya baba yako, kwa hiyo hapo hujavunja kitu. Anza naye huyo. Baba akirudi kazini, akishanawa, kabla maharage hayajatoka jikoni, msimame wewe na Mama. Usilie, usihutubie, usiseme habari za upendo na shukrani, atapata pa kujificha. Sema kwa lugha yake: "Baba, blanketi la Bibi lilichukuliwa kwa mchana tu. Naomba lirudi." Halafu nyamaza, maana kunyamaza unakuweza, safari hii kutakusaidia. Mwache ajibu yeye. Akisema maharage yataivaje, uwe tayari.

Chukua foronya kuukuu mbili au tatu, au gunia safi. Zijaze magazeti makuukuu, kila karatasi uikunje na kuivuruga iwe kama ngumi iliyolegea, usiyapange bapa, bapa hayashiki hewa. Shona midomo kwa ule uzi wa kusukia, ndugu wa begi lako. Mto mmoja chini, mingine ubavuni ibane sufuria pande zote, mmoja mnene juu, na mashuka makuukuu yafunikize. Karatasi ibaki ndani ya kitambaa isiguse chakula. Chemsha maharage sawasawa kabla ya kuyatia, na asubuhi yarudishe motoni yachemke tena kidogo ndipo mle. Utaona. Magazeti ya jana ni ya bure, kama baba yako anavyojua kuliko mtu yeyote.

Blanketi lianikwe juani siku nzima, lipigwe fimbo mpaka harufu ya moshi ya Bi Mdogo ilitoke, kisha lirudi kitandani kwa mwenyewe, mchana na usiku. Asiliazime mtu tena hata Bibi akilitoa kwa utani. Hasa akilitoa kwa utani. Watu wa namna yake hutania pale wanapoumia, na nyinyi nyumba nzima mlimwona anachekesha.

Kikohozi sicho cha kujadiliwa. Bibi aende kwa daktari wiki hii, apimwe kifua, na Baba ndiye ampeleke mwenyewe, kwa gari, si kwa miguu. Nauli hiyo nayo ni tofali, nakubali. Alitoe kwenye msingi. Ikiwa blanketi halijarudi au Bibi hajapimwa shangazi anapoingia mlangoni, basi, mjukuu wangu, ahadi yako imekwisha, nami nakufungua kwa mkono wangu. Siri ya mgonjwa kunyimwa tiba haimfungi mtu. Shangazi akiuliza, "Blanketi langu linakutunza?" utanyoosha mkono kama usivyowahi kuunyoosha darasani, na utajibu. Wakigombana, wamegombana watu wazima. Bora ndugu wanuniane mama akiwa hai wa kuwapatanisha.

Umeuliza kama mtu anaweza kumchukia baba mwema. Anaweza, kwa muda, na inauma kama jino. Hutatulia kwa kujilazimisha kumpenda upesi. Utatulia siku utakapomwona analibeba blanketi lile kwa mikono yake mwenyewe na kumfunika mama yake miguu. Mpe nafasi ya kulibeba. Usimbebee.

Ukurasa huu usiukate ukautie kitabuni, wala usiuhifadhi. Mwachie Baba aumalize mpaka matangazo. Akishaukunja na kuuweka chini, uchukue, uvuruge kama nilivyokuonyesha, uwe wa kwanza kuingia kwenye foronya. Bi Mdogo alale nao.